Nna mimba ya wiki 26, nimeambiwa kinga yangu imeshuka

Assalamu alaikum,

Nnaandika kutoka Wete, Pemba. Umri wangu miaka 29 na hii ni mimba ya pili, wiki ya 26. Mtoto wa kwanza ana miaka mitatu, alizaliwa salama.

Tangu mwezi wa nne wa mimba pua imeziba. Usiku silali vizuri, napumulia mdomo. Homa sina, kikohozi kidogo tu asubuhi. Wiki iliyopita nilikwenda kupima katika kituo kimoja cha binafsi. Nikatolewa damu, nikapewa karatasi, na aliyenipa akasema mbele ya mume wangu: "Kinga yako imeshuka, na una maambukizo kwenye damu." Akaniandikia siprofloksasini ya siku saba. Bado sijaimeza. Karatasi inasema: WBC 12.8, neutrofili asilimia 76, limfosaiti asilimia 17, Hb 10.2, MCV 74, chembe sahani 198.

Mume wangu tangu siku ile hasemi sana. Mnajua wenyewe maneno "kinga imeshuka" kwetu yanavyoeleweka. Mwanzo wa mimba tulipimwa virusi kliniki sote wawili, majibu yakawa hakuna kitu. Lakini naona wasiwasi umemwingia.

Mkwe wangu ananipa mafuta ya habbasoda kijiko cha chakula asubuhi na jioni, asali, na maji ya karafuu yaliyochemshwa mpaka yakawa meusi, ili "kupandisha kinga". Ni mtu mzima, namheshimu na najua ananipenda, sitaki kumvunja moyo. Amesema pia nisichome sindano ya pepopunda safari hii, kwa kuwa mwili ni dhaifu itamdhuru mtoto. Mimba ya kwanza nilichoma mara mbili.

Jengine, dada yangu ana baridi yabisi ya viungo. Kila akishika mimba maumivu yanakwisha, akijifungua yanarudi kwa kishindo. Je, huo si ushahidi kwamba mimba inazima kinga? Na mwezi ujao nnatakiwa kwenda Tanga kwenye harusi ya mdogo wangu. Niende?

Mjamzito, Wete

Waalaikum salaam, dada yetu.

Tuanze na dawa, maana ndiyo yenye haraka. Siprofloksasini usiimeze kwa sababu ya karatasi hii. Si dawa ya kukimbilia kwa mjamzito: jamii ya dawa hizo ilionekana kuharibu gegedu za viungo vya wanyama wachanga katika majaribio, kwa hiyo huwekwa akiba kwa maambukizo yaliyothibitishwa ambayo dawa nyengine hazifai. Wewe hakuna aliyekuthibitishia maambukizo yoyote. Ichukue dawa na karatasi, umpelekee mkunga wako wa kliniki.

Sasa tuisome karatasi pamoja. WBC 12.8 ni chembe nyeupe 12,800 katika maikrolita moja ya damu. Mashine ya maabara hulinganisha na mtu mzima asiye na mimba, ambaye huwa na 4,000 hadi 11,000 hivi, na kinachozidi hapo hukiwekea alama ya kwamba kiko juu. Mashine haijui kama una mimba, anayejua ni mtu anayesoma majibu. Mjamzito mwenye afya huwa na kati ya 6,000 na 16,000, na siku ya uchungu zinaweza kupita 20,000 bila ya ugonjwa wowote. Zinazoongezeka hasa ni neutrofili, aina moja ya chembe hizo nyeupe, kwa sababu homoni za mimba huzifanya zitoke kwa wingi kwenye uboho na zidumu zaidi katika damu. Basi 12,800 yako ndiyo namba tunayoitegemea kwa mtu wa wiki 26 asiye na homa.

Neno "imeshuka" huenda limetoka kwenye ile asilimia 17 ya limfosaiti, aina nyengine ya chembe nyeupe, ambayo kwa asiye na mimba huwa 20 hadi 40. Lakini asilimia ni mgao tu. Wageni wakizidi upande mmoja wa mkeka, wenyeji wataonekana wachache ingawa hakuna aliyeondoka. Piga hesabu mwenyewe: 12,800 mara 17, gawa kwa 100, unapata 2,176. Mtu mzima huwa na limfosaiti 1,000 hadi 4,800 hivi. Zako zipo, tena za kutosha. Mfanyie mumeo hesabu hiyo mbele ya macho yake.

Na tulitaje wazi linalomkalia moyoni. Kiswahili kimelifunga neno "kinga" na UKIMWI, kwani jina lenyewe ni Ukosefu wa Kinga Mwilini, ndiyo maana mtu akisikia "kinga imeshuka" husikia jambo moja tu. Asilimia ya limfosaiti haipimi virusi vya UKIMWI na haiwezi kumshuku mtu. Kinachojibu swali hilo ni kipimo chenyewe, nanyi mlipima. Kliniki kipimo hicho hurudiwa miezi mitatu ya mwisho kwa wajawazito, si kwa sababu ya tuhuma, ni utaratibu. Mwombe mumeo mwende pamoja siku hiyo, mpimwe tena na asikie mwenyewe. Aliyetamka maneno yale mbele yake, bila kufafanua, alikosea.

Lakini karatasi yako ina jambo la kweli ambalo hukuelezwa. Tazama Hb 10.2, yaani himoglobini, kipimo cha wingi wa damu. Mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu ikiwa Hb iko chini ya 11.0 katika miezi mitatu ya mwanzo na ya mwisho, na chini ya 10.5 katika miezi mitatu ya kati. Kipimo hicho cha kati kimeshushwa makusudi kwa sababu maji ya damu huongezeka karibu nusu, na chembe nyekundu haziongezeki kwa kiasi hicho, kwa hiyo damu huwa nyepesi bila ya kuwa na ila. Hata baada ya kukupa nafasi hiyo, 10.2 iko chini. MCV 74 nayo, yaani ukubwa wa chembe nyekundu, iko chini ya 80. Chembe ndogo na chache, kwa kawaida, maana yake chuma hakitoshi. Na chuma kikipungua, chembe za kinga nazo hufanya kazi kwa uvivu. Kama kuna kitu cha "kupandisha" katika mwili wako, basi ni hiki.

Kidonge cha chuma na foliki asidi cha kliniki huwa na takriban miligramu 60 za chuma. Kimoja kwa siku ni cha kuzuia. Aliyekwisha kupungukiwa huhitaji miligramu 120 kwa siku, yaani viwili, mpaka Hb irudi kawaida, halafu anarudi kwenye kimoja. Mkunga ndiye atakayekuandikia hivyo viwili, usijiongezee. Kimeze kwa maji ya chungwa au ndimu, chai na maziwa viache mbali kwa saa moja mbili kabla na baada, maana chai hukamata chuma tumboni kisiingie katika damu. Wengi hapa Visiwani hukimeza na chai ya asubuhi, halafu hushangaa damu haipandi. Choo kitakuwa cheusi, hilo halina neno. Kama kichefuchefu kinakushinda, meza usiku unapolala.

Mwambie pia mkunga kuhusu minyoo, kichocho na udongo. Pemba ardhi yetu ina minyoo mingi, na safura hunyonya damu kidogo kidogo kila siku. Dawa yake, albendazole miligramu 400 mara moja, hutolewa kwa mjamzito baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Kichocho humtoa mtu damu kwenye mkojo, na prazikwanteli nayo haizuiliwi kwako katika wiki hii. Kama unatafuna udongo, na wajawazito wengi hutafuna na huona haya kusema, basi ujue kwamba huzuia chuma na huleta mayai ya minyoo. Hb irudiwe baada ya wiki nne. Ikipanda kwa gramu 1 hivi, dawa inafanya kazi. Isipopanda na umeimeza kweli, omba uchunguzwe selimundu na thalasemia, maradhi ya damu ya kurithi ambayo yapo katika koo nyingi za pwani, na thalasemia inaweza kuleta MCV ndogo hata kama chuma kipo.

Tukija kwenye swali lako kubwa. Mwaka 1953 mwanasayansi wa Uingereza Peter Medawar aliuliza vipi mama anaweza kumbeba mtoto ambaye nusu ya asili yake ni ya baba, hali figo ya mtu mwengine ikipandikizwa mwilini hushambuliwa na kukataliwa. Jibu lililokuwa rahisi ni kwamba kinga ya mama hulala, na jibu hilo ndilo linalozunguka mpaka leo. Lingekuwa kweli, wajawazito wangekuwa wanakufa kwa kila kidonda.

Kinachotokea ni cha ustadi zaidi. Kondo la nyuma ndilo linalogusana na damu ya mama, na chembe zake za nje hazioneshi zile alama mbili kubwa za utambulisho, HLA-A na HLA-B, ambazo seli T, chembe nyeupe za kinga ya mama, huzitumia kumjua mgeni. Badala yake huonesha alama nyengine, mojawapo HLA-G, ambayo ni kama hodi iliyopigwa vizuri: anayeisikia hapigi kelele, anafungua. Upande wa mama, chembe za kutuliza ugomvi, seli T dhibiti, huongezeka. Na katika ukuta wa kizazi miezi ya mwanzo, sehemu kubwa ya chembe nyeupe, karibu asilimia 70, ni seli NK, ndugu wa zile ambazo kwengineko mwilini huua seli zilizoambukizwa. Hapa haziui. Husaidia kuitanua mishipa ya damu ya kizazi ili mtoto apate chakula. Kutanuka huko kusipokamilika, kondo hukosa damu ya kutosha, na hapo ndipo panapoanzia mara nyingi presha ya mimba na kifafa cha mimba. Kwa hiyo kinga ya mama haivumilii mimba tu, inaijenga.

Tena haikai hali moja miezi yote tisa. Wiki za mwanzo, mimba inapojipandikiza, kizazi kina uvimbe na harakati nyingi, na wengi wetu huhisi uchovu kama wa homa. Miezi ya kati, ulipo wewe, ni ya utulivu, mtoto anakua. Karibu na kujifungua kinga huamka tena, chembe nyeupe huingia kwa wingi kwenye kizazi na shingo yake, na uchungu wenyewe ni sehemu ya mwamko huo.

Hapo utaelewa habari ya dada yako. Baridi yabisi ya viungo ni kinga kushambulia maungio ya mwenyewe, na utulivu wa mimba huipunguza kwa zaidi ya nusu ya wanawake wenye maradhi hayo. Daktari wa Marekani Philip Hench aliliona jambo hilo kwa wagonjwa wake katika miaka ya 1930, akalifuatilia mpaka likachangia kupatikana kwa dawa ya kotisoni, na mwaka 1950 yeye na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Ila si kila maradhi ya aina hiyo hutulia: lupasi inaweza kuchachamaa ndani ya mimba. Baada ya kujifungua breki huachiwa, na ndani ya miezi mitatu minne maumivu hurudi. Dada yako apange na daktari wake kabla hajajifungua, asisubiri mpaka hawezi kumnyanyua mtoto. Kama anatumia methotreksate, aiache kwa ushauri wa daktari miezi kadhaa kabla ya kutafuta mimba, kwani huharibu mimba. Diklofenaki na ibuprofeni za kununua dukani ajiepushe nazo tangu wiki ya 20, na wewe vilevile: hupunguza maji ya mtoto, na karibu na mwisho hufunga mapema mshipa mmoja ulio karibu na moyo wake. Kwa maumivu au homa tumia parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili, kila baada ya saa sita au zaidi, visizidi vinane kwa siku.

Na pua? Pua yako si mafua. Mafua ya virusi humaliza siku saba hadi kumi yakaondoka, hayakai miezi. Mimba huongeza damu na kuvimbisha ngozi laini ya ndani ya pua, ikaziba bila ya mdudu yeyote. Huwapata wajawazito wengi na kwa kawaida hukwisha ndani ya wiki mbili baada ya kujifungua. Chemsha maji, yapoe, chukua kikombe cha mililita 250, tia robo hadi nusu ya kijiko cha chai cha chumvi, uvute kwa sirinji ya mililita 10 isiyo na sindano, uinamie karai na ujimiminie polepole pua moja hadi nyengine, mara mbili kwa siku. Kila siku tengeneza maji mapya. Lala kichwa kikiwa juu kwa mito miwili. Matone ya dukani ya kuzibua pua usiyazoee, yakitumika zaidi ya siku tatu nne pua huziba zaidi yanapoachwa. Na tunajua ubani na udi ni heshima ya nyumba, lakini chetezo kisiwekwe chumbani mwako unapolala. Moshi wake, na wa kuni jikoni, huikasirisha pua iliyokwisha kuvimba.

Hatusemi kwamba mimba haina hatari ya maradhi. Inayo, lakini sababu zake mara nyingi si hizo zinazotajwa. Mafua makali ya influenza na nimonia humwelemea mjamzito kwa kuwa kiwambo cha chini ya mapafu husukumwa juu kama sentimita nne, huku mwili ukihitaji oksijeni zaidi kwa karibu asilimia 20. Hana akiba ya pumzi, na juu yake kinga iliyotulizwa huchelewa kidogo kupambana na virusi. Maambukizo ya mkojo huja kwa kuwa homoni hulegeza mirija ya figo na kizazi huibana, mkojo ukatuama. Mengine hayana hata dalili, yasipotibiwa hupanda figo na kuleta uchungu wa mapema. Kwa hiyo kabla ya kutafuta "maambukizo ya damu", mkojo ndio wa kupima. Jisafishe kwa maji, acha wa mwanzo upite, kinga wa katikati katika chupa safi, uufikishe maabara ndani ya saa moja mbili.

Maradhi machache huwa makali zaidi hasa kwa sababu ya kinga iliyobadilika. Listeria huingia kwa maziwa mabichi na vyakula vilivyolala, na inaweza kumfikia mtoto hata kama mama amehisi homa ndogo tu. Maziwa ya ng'ombe yachemshe mpaka yafoke, hata yale ya kugandisha yachemshwe kwanza. Homa ya ini ya aina ya E hupita katika maji machafu, na kwa mjamzito wa miezi ya mwisho huua mara nyingi kuliko kwa mtu mwengine yeyote, basi maji ya kisima yachemshe, na barafu ya juisi ya miwa ya njiani uiache mpaka ujifungue. Ukikaa na mtoto mwenye tetekuwanga na wewe hukuwahi kuugua, usingoje vipele, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sindano ya pepopunda ichome, na wiki hii ni wakati mzuri. Ndani yake hamna mdudu hai, mna sumu ya pepopunda iliyotenguliwa makali. Haiwezi kukuambukiza wala kumwambukiza mtoto. Chanjo za kuepuka katika mimba ni zile za virusi hai, kama surua na rubela. Na mwili wako unaitika chanjo vizuri, huo nao ni ushahidi kwamba kinga ipo macho. Hata chanjo ya kipindupindu iliyotolewa Unguja na Pemba mwaka 2009 ilikutana na wajawazito walioimeza bila ya kujua wana mimba. Walipofuatiliwa baadae, hawakuonekana kudhurika wala watoto wao.

Ulichoma mbili mimba ya kwanza, kwa hiyo hii ni ya tatu, na inakulinda miaka mitano. Ya nne itafuata baada ya mwaka mmoja, na ya tano mwaka mwengine, ukizimaliza hutahitaji tena katika umri wako wa kuzaa. Itangulie kujifungua kwa wiki mbili angalau, lakini mapema zaidi ni bora, na sababu yake ni tamu kuisikia. Kingamwili zako, yaani protini za ulinzi zilizomo katika damu, za aina ya IgG husafirishwa na kondo kwenda kwa mtoto. Huanza kidogokidogo miezi ya kati, na kuanzia wiki ya 28 mlango hufunguka hasa, hata mtoto aliyetimia miezi yake huzaliwa nazo sawa na mama au kumzidi. Anayezaliwa kabla ya wakati huondoka na mzigo pungufu. Kwa hiyo sindano anayoikhofia mkwe wako kwa ajili ya mjukuu, yeye mjukuu ndiye anayeisubiri. Baada ya hapo ni dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya manjano, yenye kingamwili za IgA za kufunika utumbo wake. Asinyonye maji wala asali kabla yake, aanze dang'a ndani ya saa ya kwanza.

Kuhusu habbasoda na karafuu, mkwe asivunjwe moyo, aelekezwe. Habbasoda ya kunyunyiza juu ya mkate wa kumimina ni chakula, na karafuu mbili tatu katika pilau au chai vilevile. Vijiko viwili vya mafuta kila siku ni dawa, na hakuna kipimo chake kilichothibitishwa salama kwa mjamzito. Maji ya karafuu yaliyochemshwa mpaka yakawa meusi yamebeba mafuta yake kwa ukali. Acha vyote viwili. Shubiri ndiyo kabisa, huendesha na inaweza kukamatisha kizazi. Mwambie hivi: kinga yangu haijalala, imetulizwa kwa ajili ya mtoto, na kuiamsha kwa nguvu si faida yake. Halafu mpe kazi ambayo wewe unaihitaji: maini ya ng'ombe kipande kidogo mara moja tu kwa wiki, kwani vitamini A yake ikizidi humdhuru mtoto, dagaa na samaki siku nyengine, kunde na mchicha uliokamuliwa ndimu, na embe au chungwa baada ya kula. Mikono yake itakupa chuma, na hilo ndilo pungufu lako la kweli.

Tunaongeza jambo moja ambalo hukuliuliza. Mwaka 1996 watafiti walichapisha kwamba walikuta chembe za mtoto wa kiume katika damu ya mama miaka 27 baada ya kumzaa. Chembe za watoto huvuka kondo, zikabaki mwilini mwa mama miaka na miaka, na kinga yake haizifukuzi. Huenda za mwanao wa miaka mitatu unazo mpaka leo.

Tanga nenda, kama Hb ya wiki nne imepanda na mkunga hajaona neno. Utakuwa wiki ya 30, chukua kadi yako ya kliniki na vidonge. Linalotutia wasiwasi ni malaria. Zanzibar imeishusha mpaka wenye vimelea wamekuwa chini ya asilimia moja kwa miaka mingi, na hiyo ni neema, lakini maana yake mtoto wa Wete amekua bila ile kinga ya nusunusu wanayoipata waliozoea kuumwa na mbu wenye malaria. Na kimelea kina hila katika mimba: hujibanza kwenye kondo, mahali ambapo mwili wako haujawahi kukutana nacho, hata damu ya kidole isioneshe wingi wake, huku mtoto akikosa chakula. Pumzi na joto la mjamzito huvutia mbu zaidi. Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, ukibeba chako usitegemee cha wenyeji, na vaa mikono mirefu tangu magharibi. Kabla hujaondoka muulize mkunga kuhusu SP, dawa ya kukinga malaria, ambayo Bara wajawazito hupewa kliniki tangu miezi mitatu ya kati, dozi zikiachana mwezi au zaidi. Akikupa, mwambie foliki asidi unayotumia ni ya kiasi gani, maana ya miligramu 5 huipunguzia SP nguvu.

Popote utakapokuwa, homa ya 38 na zaidi, pumzi kukatika ukiwa umekaa, maumivu ya ubavu pamoja na baridi, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, presha ya 140 kwa 90, damu au maji kutoka, au mtoto kupunguza kucheza, haya hayangojwi asubuhi. Na ukipata homa baada ya kurudi, hata mwezi mzima ukiwa umepita, usiseme ni uchovu wa safari. Nenda kituo cha afya cha karibu au hospitali ya Wete, na neno la kwanza umwambie mhudumu liwe hili: nna mimba, na nilikuwa Tanga.